Unajenga biashara peke yako na ari imeanza kukatika? Tuongee hapa

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu,

Uzi huu ni wa wale wanaofanya kila kitu wenyewe. Wewe ndiye fundi, wewe muuzaji, wewe mhasibu, wewe mpeleka mzigo, na usiku ukiingia wewe ndiye wa kujibu meseji za wateja. Sitaki tuongelee mtaji wala mawazo ya biashara, nyuzi za hayo zipo nyingi. Nataka tuongelee hali ambayo watu wanaionea haya: biashara ipo, wateja wachache wapo, hujafilisika, lakini asubuhi unakaa mbele ya kazi yako na mkono hauendi.

Mtu wa namna hii huambiwa akaze buti, asikate tamaa, wenzake wamepitia hayo hayo. Wanaosema hivyo wana nia njema kabisa, ila naamini wanakanda mahali pasipouma. Anayeamka kila siku kufanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma hajapungukiwa moyo. Alichokosa ni vitu ambavyo mwajiriwa anapewa bila kuviomba: saa ya kuanza na saa ya kuacha, mtu wa kuiona kazi yake, na wenzake wa kunung'unika nao bosi akiondoka. Siku unayojiajiri vyote vinaondoka kwa pamoja, na hakuna anayekukumbusha kwamba sasa wewe ndiye wa kuvirudisha.

Ninavyoona mimi, ari haitangulii kazi. Inaifuata, na inaifuata pale tu mtu anapoona kazi imesogea.

Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwenzake Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238 kutoka kampuni 7, jumla ya maandiko karibu 12,000, wakitaka kujua siku nzuri kazini inatofautiana wapi na siku mbaya. Matokeo waliyatoa mwaka 2011. Katika mambo yote yaliyojitokeza kwenye siku nzuri, lililoongoza ni kupiga hatua kwenye kazi ambayo mhusika anaiona ina maana, hata iwe hatua ndogo. Na kukwama, hata kudogo, kulishusha moyo kwa nguvu kuliko hatua ilivyoupandisha.

Hao walikuwa waajiriwa wenye timu. Mwangalie sasa mtu wa peke yake. Kutwa nzima amefuatilia malipo, amejibu maswali ya mteja ambaye mwishowe hakununua, amerudia bidhaa iliyotoka na kasoro, amezunguka kutafuta vifungashio. Jioni ukimuuliza leo umefanya nini, anakujibu "hamna". Amefanya kazi kwa muda wa saa kumi, na haina alama popote. Hakuna aliyeiona, hata yeye mwenyewe hakuiona. Mtu akiishi miezi kadhaa ya "hamna", hata awe shupavu namna gani, atachoka.

Kinachozidisha ni kwamba kipimo pekee tulichozoea ni mauzo, na mauzo huja kwa kuchelewa. Fedha inayoingia leo mara nyingi ni ya kazi uliyoifanya wiki au miezi iliyopita. Mteja uliyemfuata leo ataagiza mwezi ujao, au asiagize kabisa. Ukijipima kwa fedha ya siku unajipima kwa kitu ambacho siku hiyo huna mamlaka nacho. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi safi wiki nzima akajiona mzembe, wiki inayofuata asifanye la maana, zikaingia oda mbili za zamani, akajiona ameweza.

Kwa hiyo ligawe daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naona hata kazi hupotea hivyo hivyo. Upande mmoja andika fedha kama kawaida. Upande wa pili andika kazi iliyo mikononi mwako: wateja wapya uliowafikia, wa zamani uliowarudia, bidhaa ulizomaliza, madeni uliyofuatilia. Chagua aina mbili au tatu tu, zile zinazozaa mauzo. Usiandike "nimefanya masoko". Andika umeongea na nani, umempa bei gani, kajibu nini. Mwisho wa wiki usome upande huo kwanza, ndipo uende kwenye fedha.

Jingine ni namna ya kuanza siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina ya "ikitokea hivi, nitafanya vile". Mtu aliyeamua mapema ni lini, wapi na kwa namna gani ataanza hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia peke yake. Kwetu sisi uzito wa asubuhi hautokani na kazi yenyewe. Unatokana na kuamua kazi ipi. Bosi angekuamulia, hayupo. Basi uwe bosi jana yake jioni: "Nikishafungua na kuwasha taa, kabla sijagusa simu kwa jambo jingine, nampigia wa kwanza kwenye orodha." Asubuhi usijadiliane tena na nafsi yako, fuata maagizo.

Na wale mnaoambiwa tabia hujengeka kwa siku 21, msijihukumu kwa hesabu hiyo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Wastani ulikuwa siku 66 hadi jambo lianze kujifanya lenyewe, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mimi hili la mwisho ndilo linalonipa nguvu, kwa sababu wengi wetu hatuachi siku tunayoshindwa. Tunaacha kesho yake, kwa aibu.

Karibuni, hasa wenye maoni tofauti.

Mbishi wa Hoja

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna mahali umepapita haraka. Wakati mwingine mkono hauendi kwa sababu akili imeshaona kwamba biashara yenyewe haiendi. Mtu ana wateja wale wale tangu aanze, faida ukitoa usafiri na muda wake haibaki kitu, halafu tunampa mbinu za kuamsha ari. Hilo daftari la kazi linaweza kumfariji mtu ambaye alipaswa kufunga. Na simulizi za kina James Dyson, yule mvumbuzi wa mashine za kufyonza vumbi, waliojaribu mara elfu tano zimewaponza watu wengi.

Mwanzisha uzi

Mbishi wa Hoja, umegusa penyewe, na ni kwa sababu hiyo nikasema daftari liwe na pande mbili. Chukua miezi mitatu uziweke pande zote pamoja. Upande wa kazi ukiwa mtupu, bado hujui kama biashara ni mbaya, kwa sababu hujaijaribu vya kutosha. Hapo tatizo ni mpangilio wako. Upande wa kazi ukiwa umejaa na fedha haijatikisika, basi bidhaa, bei au aina ya wateja ndiyo yenye shida, na kujituma zaidi hakutasaidia. Mtu asiye na kumbukumbu hawezi kutofautisha hali hizi mbili. Anachokijua ni kwamba amechoka tu, na uchovu unaweza kumfanya afunge biashara nzima au ang'ang'anie iliyokwisha.

Kuhusu Dyson nakuunga mkono nusu. Ni kweli alitengeneza mifano ya majaribio 5,127 kabla ya kuipata mashine ya kufyonza vumbi aliyoitaka, na iliyobeba jina lake mwenyewe, DC01, ilitoka mwaka 1993. Yanayoachwa kwenye simulizi ni mawili. Alikuwa akibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hivyo kila mfano ulioshindwa ulimwachia jibu, na mtu anayepata jibu ana cha kuamkia kesho. Pia mke wake, Deirdre, alikuwa akifundisha sanaa na kipato chake kilisaidia kuibeba familia. Kuvumilia kwa mtu ambaye nyumbani kuna kipato kingine si sawa na kuvumilia kwa mtu anayekula akiba yake. Tusiwapime watu kwa mizani moja.

Ninachoshauri ni kuandika masharti ya kufunga mapema, siku ambayo akili imetulia: ikifika tarehe fulani, na faida baada ya kujilipa mwenyewe haijafika kiasi fulani, nabadilisha au nafunga. Ukishaandika, unaacha kuijadili biashara kila usiku. Swali "niendelee au niache" linakula nguvu nyingi sana likiulizwa kila siku.

Na takwimu za Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani kwa miaka mingi zinaonyesha takriban biashara 1 kati ya 5 hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu huvuka mwaka wa tano. Si kweli kwamba tisa kati ya kumi hufa mwaka wa kwanza, kama tunavyotishwa. Lakini nusu ni nusu. Kufunga ni jambo la kawaida, na wengi wanaofunga wanaijua kazi kuliko wanaowacheka.

Fundi Cherehani

Samahani kwa kuingilia. Mimi shida yangu ni tofauti. Kushona nilikupenda kuliko kitu chochote, nilikuwa nashona usiku bila mtu kuniomba. Tangu nikugeuze biashara, nikiona kitambaa nasikia uvivu. Wateja wapo, wanalipa. Nahisi kama nimepoteza kitu na siwezi kumweleza mtu, maana wataniambia nalalamika nini sasa kama kazi ninayo.

Seremala wa Nyuma

Pole sana dada, nakuelewa vizuri. Mimi ni wa mbao. Nilipoanza nilikuwa napokea kila oda: mtu analeta picha, anataka kama ile, kesho anabadilisha, keshokutwa anataka ipungue bei. Nikawa mikono ya watu wengine. Kilichonirudisha ni kupunguza. Nina aina chache za samani ninazotengeneza, vipimo vinabadilika lakini muundo ni wangu. Anayetaka kingine namwelekeza kwa fundi mwenzangu. Niliogopa wateja watakimbia, wengine walikimbia kweli. Waliobaki wananiuliza "wewe unaonaje", na hilo swali peke yake linanifanya nitake kufanya kazi.

Na kila wiki natenga muda wa kutengeneza kitu ambacho hakina mwenyewe. Wakati mwingine kinauzwa baadaye, wakati mwingine nakivunja. Hakiingii kwenye hesabu.

Mwanzisha uzi

Seremala, hapo umesema jambo zito kuliko yote niliyoandika juu.

Dada Fundi, ulichokisema kina utafiti wake. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya vipande vya kupanga, kazi ambayo watu huifanya kwa kupenda tu. Kundi moja likalipwa kwa kipindi fulani. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wamelipwa walipoachwa wapumzike waliyagusa yale mafumbo kidogo kuliko mwanzo. Baadaye yeye na Richard Ryan waliendeleza nadharia inayosema ari ya ndani inahitaji mambo matatu: kuhisi unaamua mwenyewe, kuhisi unaweza na unaendelea kuweza, na kuhisi umeungana na watu.

Usisikie kwamba fedha ni sumu. Wanachoeleza ni kwamba malipo yakichukua usukani, yaani yakikuamulia ufanye nini na namna gani, ndipo kupenda kunapopungua. Malipo yanayokwambia "kazi yako ni nzuri" hayana madhara hayo. Seremala hakuacha kulipwa, alichukua tena uamuzi. Kwako uamuzi unaweza kuwa aina ya nguo, au siku za kupokea oda, au mteja gani hutamshonea tena hata akilipa. Anza na hilo la mwisho. Karibu kila mmoja wetu ana mteja mmoja anayekula moyo wa wiki nzima.

Mwajiriwa wa Mchana

Naomba na mimi mnisaidie. Nina ajira, biashara naifanya usiku na siku za mapumziko. Kinachoniumiza kuliko uchovu ni watu. Nikieleza ninachofanya naulizwa maswali ya kunivunja, nikirudi kwenye biashara sina hamu nayo tena. Mwanzisha uzi umesema tunahitaji mtu wa kuiona kazi yetu, wanaoiona yangu ndio wanaoiua.

Mwanzisha uzi

Swali zuri sana, nikwambie moja kwa moja: si kila mtu anafaa kuiona. Sara Blakely, aliyeanzisha Spanx, kampuni ya nguo za ndani za kubana mwili, mwaka 2000 kwa akiba yake ya dola 5,000, alianza akiwa bado ameajiriwa kuuza mashine za faksi. Ameeleza mara nyingi kwamba kwa takriban mwaka mzima hakuwaambia ndugu na marafiki wazo lake, kwa sababu hakutaka muda wake uishie kulitetea badala ya kulifanyia kazi. Lakini hakukaa kimya kwa kila mtu. Aliongea na wenye viwanda na wanasheria wa hataza, watu ambao jibu lao, hata likiwa hapana, lilimsogeza.

Kwa hiyo wazo changa lifiche kwa wanaokupenda na kukuhofia, halafu mpelekee anayeifahamu kazi. Ndugu anakuuliza "na ukishindwa?" kwa sababu anakuonea huruma. Anayejiajiri kama wewe anakuuliza "kifungashio unanunua wapi?" Swali la pili ndilo linalokurudisha mezani.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1727, huko Philadelphia, Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, akiwa kijana wa uchapaji alikusanya wenzake wachache, wengi wao mafundi na watu wa kazi za kawaida, wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni kuulizana maswali na kusaidiana. Kikundi kiliitwa Junto. Mwaka uliofuata alipofungua uchapaji wake na mbia, wale wenzake walihangaika kumtafutia kazi. Sisi tunakumbuka umaarufu wake wa baadaye tu, wakati mwanzoni alikuwa kijana mwenye deni na biashara changa, akasimama na watu waliomjua kwa kazi yake.

Hauhitaji kikundi kizima. Mmoja anatosha, awe mtu anayefanya kazi yake mwenyewe, hata kama biashara zenu hazifanani. Nadhani zisipofanana ni bora zaidi, hamtagombania wateja.

Mgeni Jamvini

Mimi sijui kama ni ari au ni nini. Silali. Nikilala naota oda. Wateja nimeanza kuwachukia, kila meseji ikiingia nasikia hasira. Kazi naifanya lakini naona sifanyi vizuri chochote.

Mwanzisha uzi

Mgeni, karibu, na pole. Nisome taratibu hapa.

Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 linaeleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako au kuichukia, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Umezitaja zote tatu bila kujua. Wao hawaiiti ugonjwa. Wanaieleza kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa mtu wa namna yako siwezi kukwambia upange orodha ya asubuhi. Unahitaji kupunguza kazi kwanza. Punguza oda kwa muda, waambie wateja ukweli kwamba tarehe zimesogea, na weka saa ambayo simu ya biashara inazimwa. Wateja wengi watavumilia. Wasiovumilia, afya yako ina thamani kuliko wao. Na kama huzuni au hasira imevuka biashara ikaingia kwenye kila kitu, kwenye kula, kwenye watu unaowapenda, tafadhali mwone daktari. Sisemi hivyo kumaliza mjadala, namaanisha.

La usingizi kuna kitu kidogo cha kujaribu. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilomalizika huacha kuisumbua akili mtu akishalipangia namna ya kulimaliza, hata kabla hajaligusa. Kabla ya kufunga, andika kila kinachoning'inia, na mbele ya kila kimoja andika siku na hatua ya kwanza. Usiandike "deni la yule mteja". Andika "Jumatano asubuhi nampigia, nikikosa namtumia meseji". Akili ikishaona kuna mpango, inakupumzisha.

Mgeni Jamvini

Asante mkuu. Nimesoma mara mbili. Oda za wiki hii nitasogeza tarehe, naandikia wateja sasa hivi.

Mbishi wa Hoja

Mimi nimerudi kusema kitu kimoja. Mgeni, hesabu zako za wiki hii zikipungua usiziangalie kama anguko. Umezipunguza wewe. Iandike hiyo kwenye upande wa pili wa daftari, ni kazi.

Fundi Cherehani

Nimempata mteja wangu wa kumwacha, sikuhitaji hata kufikiri. Seremala ahsante. Mwajiriwa wa Mchana, kama hutajali, biashara yako na yangu hazigongani. Tunaweza kuwa tunatumiana meseji mara moja kwa wiki?

Mwajiriwa wa Mchana

Sijali kabisa dada, nafurahi. Mimi Jumapili jioni ndiyo napumua. Tutumiane mistari mitatu: nilichosema nitafanya, nilichofanya, na ninachofanya wiki ijayo. Hakuna kulaumiana, na mmoja akikaa kimya wiki moja mwenzake anapiga simu.

Fundi Cherehani

Sawa. Nakufuata inbox nikupe namba, tunaanza Jumapili hii.